Maswali ya Wasomaji: Kukata Vitabu kwa Mashine za Mkono

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza namna ya kushona mikunjo ya kitabu, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, kwa sindano na uzi. Karibu barua zote zilizofuata zimeuliza kuhusu hatua inayokuja baada ya kushona na kupaka gundi mgongoni, yaani kukata kingo tatu za kitabu ili zilingane, na hasa kuhusu mashine zisizotumia umeme. Nimechagua barua sita. Baadhi nimezifupisha, lakini maana ya kila mwandishi nimeiacha ilivyo.

Mhariri, salamu. Nina duka la stashonari karibu na chuo. Wanafunzi huniletea tasnifu niwafungie kwa jalada gumu, nami hukata kingo kwa kisu kidogo na rula ya chuma. Kazi haitoki sawa, na mkono unachoka. Nimeambiwa kuwa kiwanda kimoja cha uchapaji kilichofungwa kinauza gilotini ya zamani ya kuvuta kwa mkono, ya chuma kizito. Je, niinunue hiyo, au nitafute ndogo mpya ya mezani? Na nikienda kuiona, niangalie nini? — Msomaji, Morogoro

Ndugu msomaji, kisu na rula vinafaa kwa karatasi chache tu. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo tasnifu ya karatasi 200 ni bunda la sentimita mbili, na katika unene huo ncha ya kisu huanza kufuata njia yake yenyewe. Hata rula ikikaa imara, kurasa za chini hutoka mshazari ilhali za juu zimenyooka. Hilo haliondoki kwa kujitahidi zaidi, wala si dalili kwamba mkono wako ni dhaifu.

Gilotini ya mkono iliundwa kuondoa tatizo hilo hasa. Bunda hulazwa juu ya meza ya chuma na kusukumwa hadi ligote kiegemeo cha nyuma, ambacho husogezwa kwa kuzungusha mpini mdogo ulio mbele ya meza. Kibano, ambacho ni pau nzito ya chuma, hushushwa kwa gurudumu lililo juu ya mashine hadi kiligandamize bunda barabara. Kisha mkono mrefu wa mashine huvutwa, na kisu hushuka mbele tu ya kibano na kulipita bunda lote kwa mvuto mmoja. Ukichunguza kwa makini utaona kwamba kisu hicho hakishuki wima; huteremka huku kikisogea kando, hivyo makali hukata kwa kupita badala ya kugandamiza, na ndiyo maana mtu mmoja wa nguvu za kawaida huweza kukata mamia ya karatasi kwa mara moja. Mwisho wa safari yake makali hugusa ufito wa mti mgumu au wa plastiki uliozamishwa katika mfereji wa meza. Ufito huo huyalinda makali yasigonge chuma, na ukishachimbika hugeuzwa upande mwingine.

Mashine za namna hii zina historia ndefu. Mfaransa Guillaume Massiquot alipata hataza ya mashine yake mwaka 1844, na Karl Krause, aliyefungua kiwanda chake Leipzig mwaka 1855, akawa miongoni mwa watu waliozifanya kuwa imara na sahihi kiasi cha kuuzwa nchi nyingi. Usishangae basi ukikuta jina la Krause, la Furnival wa Uingereza au la Chandler & Price wa Cleveland, Marekani, limeandikwa ubavuni mwa mashine utakayoonyeshwa. Umri peke yake si kasoro.

Mashine ndogo mpya za mezani, zile zenye uwezo wa kukata upana wa sentimita 43 na unene wa sentimita 4 hivi, zinatosha kabisa kwa tasnifu za A4, kwa kuwa upande mrefu wa A4 ni milimita 297. Hata upande mrefu wa A3, ambao ni milimita 420, unapita, ingawa kwa shida. Tena hubebwa na watu wawili na kukaa juu ya meza imara. Ile kubwa ya zamani ina uzito wa mamia ya kilo, inataka sakafu ya saruji, na kuihamisha ni kazi ya siku nzima. Pamoja na hayo, kama una nafasi na mashine ikafaulu majaribio nitakayoyataja, mimi ningechukua ya zamani bila kusita, kwa sababu chuma kizito hakitikisiki wakati kisu kinapita, na bila utulivu huo huwezi kupata ukingo ulionyooka.

Ukienda kuiona, chukua bunda la karatasi taka, tochi na guni ya seremala. Anza kwa kumulika mwili wa mashine, hasa pale mkono unaposhikana na mhimili wake na pale kisu kinapoteleza pembeni, ukitafuta nyufa. Chuma cha kalibu kilichopasuka ni kigumu sana kuunga kikawa salama tena, na mashine yenye ufa au yenye mshono wa kuchomelea mahali pabebapo mzigo uiache hata ukipewa bure. Kisha tazama upana wa kisu chenyewe. Kila kinaponolewa kinapungua, na kuna wakati bolti zake zinafika mwisho wa nafasi za kukiteremshia. Ukifika hapo, kisu kipya kitakugharimu fedha ambazo hukuzitia katika hesabu. Hakikisha pia kwamba kile kizuizi au pini inayouzuia mkono usishuke wenyewe bado ipo na inafanya kazi. Wauzaji wengi hawaitaji, na katika mashine nyingi za zamani ndicho kitu cha kwanza kupotea.

Jaribio la mwisho ndilo nisilokubali kuliruka. Weka bunda lenye ukingo ulionyooka ligote kiegemeo, kaza kibano, ukate ukingo wa mbele. Legeza, toa karatasi moja ya juu, igeuze upande wa chini uwe juu, lakini ule ukingo uliokuwa nyuma ubaki nyuma, kisha ilaze tena juu ya wenzake. Kingo zikilingana, kiegemeo na kisu viko sambamba. Zikipishana upande mmoja, kiegemeo kimekaa mshazari, na pengo unaloliona ni mara mbili ya kosa lenyewe, jambo ambalo ni la manufaa kwa sababu hata kosa dogo litaonekana kwa macho. Mara nyingi kosa hili hurekebishwa kwa skrubu za kiegemeo. Zilegeze mbele ya muuzaji na ujaribu, maana ukishaipakia mashine kwenye lori bei haijadiliwi tena.

Shikamoo mwalimu. Nilifanya kazi ya kufunga vitabu katika kiwanda cha misheni huku kusini mpaka nilipostaafu, na sasa nina gilotini yangu nyumbani. Nikikata kitabu kilichoshonwa, kurasa za juu hutoka fupi kidogo kuliko za chini, na nikikata kichwa na mkia wa kitabu, yaani ukingo wa juu na wa chini, kona ya mgongo huchanika. Kisu nimekinoa. Tatizo ni nini? — Mstaafu, Ruvuma

Marahaba, ingawa kwa kazi uliyoifanya yafaa mimi ndiye nikuamkie. Kusini mwa Tanzania, ambako vipo viwanda vya uchapaji vya misheni kama vile vya Peramiho na Ndanda, kuna mafundi wanaoijua kazi hii kwa vidole vyao, na nakujibu nikijua kwamba mengine unayajua kuliko mimi.

Kurasa za juu zikitoka fupi, maana yake zilivutwa. Makali yalipoingia, yalizishika kurasa za juu na kuzitoa kidogo chini ya kibano kabla ya kuzikata, basi sehemu iliyokatwa ikawa kubwa kuliko ulivyokusudia. Kibano kilipokuwa kimeshalishika bunda vizuri zaidi, kuelekea chini, mvuto ukapungua. Kwa kawaida watu hulaumu kisu, na kweli kisu butu huvuta, lakini wewe umekinoa. Mimi naelekeza macho kwenye kibano, au kwa usahihi zaidi, kwenye kile ambacho kibano kimekilalia.

Kitabu kilichoshonwa si bunda sawasawa. Uzi unaopita katikati ya kila mkunjo huongeza unene upande wa mgongo peke yake, kwa hiyo kitabu cha mikunjo ishirini kinaweza kuwa na mgongo ulionyanyuka waziwazi kuliko ukingo wa mbele, ule unaokabiliana na mgongo. Ukikiweka hivyo chini ya kibano ili ukate kichwa chake, pau ya chuma inalala juu ya mgongo tu, na upande wa pili wa kurasa unabaki huru kabisa, hata ukikaza gurudumu kwa nguvu zako zote. Dawa yake ni kusawazisha kabla ya kubana. Chukua vipande vya kadi, vikate kwa upana unaopungua hatua kwa hatua, uvilaze juu ya kurasa upande wa mbele mpaka kimo kilingane na mgongo, halafu juu ya vyote weka kipande kimoja kigumu cha kadibodi kinachofika hadi karibu na mstari wa kukata. Utaona tofauti mara ya kwanza tu. Ukiwa na vitabu viwili vya aina moja unaweza kuvipishanisha, mgongo wa kimoja uelekee mbele ya kingine, lakini kwa vitabu vinene mimi napendelea kadi, kwa sababu kila kitabu hubanwa kivyake.

Kuhusu kona zinazochanika, kwanza zingatia mpangilio wa kukata. Kata ukingo wa mbele kabla ya vingine, ili hata kona zake zikibanduka kidogo, sehemu hiyo iondolewe unapokata kichwa na mkia. Kisha, unapokata kichwa na mkia, tazama kisu chako kinasogea upande gani kinaposhuka, uweke mgongo upande ambao mwendo huo unaanzia. Msukumo wa kando utaelekea ndani ya kitabu, mahali ambapo karatasi zinashikana, badala ya kuusukuma mgongo nje mahali pasipo na kitu cha kuuzuia. Mwisho, gundi ya mgongoni iwe imekauka lakini isiwe imekauka mpaka ikawa ngumu na kukatika; kitabu kilichopakwa gundi jioni na kukatwa asubuhi hukatika vizuri kuliko kilichosahauliwa wiki tatu kabatini.

Nikiongeza neno juu ya kunoa: pembe ya makali ya kisu cha gilotini huwa kati ya nyuzi 19 na 24, ile nyembamba kwa karatasi laini na ile nene kwa karatasi ngumu. Upande wa kisu unaotazama kibano ni bapa kabisa, na mteremko wa makali uko upande wa fundi, ili taka ndiyo isukumwe na kitabu kibaki kimenyooka. Ukinoa ule upande bapa hata kidogo, umeharibu usahihi wa kisu. Kazi yenyewe apewe mtu mwenye mashine ndefu ya kunolea inayotiririsha maji, kama wale wanaonoa visu virefu vya randa za umeme kwenye karakana za mbao. Kisu kilichonolewa kwa grainda ya mkono hupata joto kupita kiasi, makali yakageuka rangi ya buluu, na hapo ugumu wa chuma umeondoka.

Je, naweza kukata kadibodi za majalada kwa gilotini hiyo hiyo ninayokatia karatasi? — Mfunga vitabu, Tanga

Unaweza, lakini nakushauri usifanye hivyo. Kadibodi ya jalada yenye unene wa milimita mbili au tatu hula makali haraka, na kisu kilichoharibiwa na kadibodi leo ndicho kitakachovuta kurasa za kitabu kesho. Watengenezaji wa vitabu wana mashine yake, ambayo ni mkasi mkubwa wa meza: meza yenye ukingo wa chuma ulionolewa, na juu yake kisu kirefu kilichopinda, kinachoshushwa kwa mkono na kusawazishwa na uzito mkubwa uliofungwa mwisho wake wa nyuma ili kisianguke chenyewe. Kibano chake hukanyagwa kwa mguu, basi mikono yote miwili inabaki huru, mmoja kwa kadibodi na mmoja kwa kisu. Kule kupinda kwa kisu ndiko kunakofanya pembe ya kukutana kwa makali mawili ibaki karibu ile ile tangu mwanzo hadi mwisho wa mkato. Mashine hii hukata kadibodi moja au mbili kwa wakati, tena kwa usahihi unaokuwezesha kuacha ule mzingo wa milimita tatu ambao jalada huzidi kurasa, ukiwa sawa pande zote tatu. Kama huna mkasi huo, kata kadibodi kwa kisu kikali na rula nzito ya chuma, ukipitisha mara nyingi kwa nguvu kidogo. Hapa kisu na rula vinastahili, kwa kuwa kadibodi ni moja.

Ninafundisha katika chuo cha ufundi. Gilotini yetu ni nzito, na wanafunzi wadogo huvuta mkono wa mashine wawili wawili. Je, kuna ubaya? — Mwalimu, Mbeya

Upo ubaya mkubwa, mwalimu, na naomba uwakataze tangu kipindi kijacho. Kwenye gilotini ya mkono anatakiwa mtu mmoja peke yake, ambaye mikono yake yote miwili imeshika mkono wa mashine wakati kisu kinashuka. Wakiwa wawili, mmoja huvuta huku mwenzake akinyoosha karatasi, na vidole vya watoto wengi waliojikuta hospitali vilikuwa vikinyoosha karatasi. Mashine iliyo nzito kupita kiasi kwa mwanafunzi mmoja inakuambia mojawapo ya mambo mawili: kisu ni butu au bunda ni nene mno. Noa kisu, punguza karatasi, paka mafuta njia za kisu zilizo pembeni. Kila mkato ukiisha, mkono urudishwe juu na kizuizi kiingie mahali pake kabla mtu hajagusa karatasi. Kisu kinapotolewa kwa kunolewa, kifungwe kwanza kwenye ubao wa mti uliochongwa kwa ajili hiyo, makali yakiwa yamezama ndani ya mti, na kikiponyoka asijaribu mtu yeyote kukidaka.

Assalaam alaykum. Nimerithi msahafu ulioandikwa kwa mkono kutoka kwa marehemu babu, na wazee wanasema uliandikwa Siyu. Kingo za karatasi zimekuwa za kahawia na nyingine zimepindika. Fundi mmoja ana gilotini, naye anasema akikata milimita tatu tu kila upande utakuwa kama mpya. Je, nimkubalie? — Msomaji, Lamu

Waalaykum salaam. Tafadhali usimkubalie, na kama msahafu uko kwake, ukauchukue leo.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika pwani nzima kwa kunakili misahafu na kwa kazi za ngozi, na misahafu iliyobaki ya kazi ile ni sehemu ya urithi ambao hautengenezwi tena. Milimita tatu zinaonekana chache kwa mtu aliyezoea kukata daftari. Katika msahafu wa mkono, pambizo si mahali patupu. Pembeni mwa kurasa ndimo mnamowekwa mapambo na alama za kuonyesha juzuu na migawanyo yake, na mara nyingine maneno ya msomaji wa zamani au masahihisho ya mwandishi mwenyewe. Mapambo hayo mara nyingi hukaribia ukingo. Kisu kikishapita, nusu ya ua lililochorwa kwa wino mwekundu itaangukia kwenye taka chini ya mashine, na hakuna gundi wala fundi wa kuirudisha.

Iko sababu ya pili, ambayo fundi wako angeifikiria kama angekuwa amefunga vitabu kwa namna ya Kiislamu. Katika vitabu vya Kizungu mbao za jalada huzidi kurasa kidogo pande tatu, lakini katika ufungaji wa Kiislamu mbao hulingana kabisa na kurasa, na upande mmoja hutoka ulimi wa ngozi unaokunjwa na kuingia chini ya jalada la mbele. Kila kipimo cha jalada hilo kilichukuliwa kutoka kwenye kurasa zilizokwisha kukatwa. Ukizipunguza kurasa leo, jalada litakuwa kubwa kuliko kitabu, ulimi hautakaa mahali pake, na hapo utaambiwa kwamba jalada la zamani nalo halifai, litengenezwe jipya. Msahafu utakuwa umepoteza kila kitu isipokuwa maandishi yake, na baadhi ya maandishi pia.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu ndivyo ilivyotokea kwa vitabu vingi sana vya Ulaya. Kila kizazi kilipovifunga upya vilikatwa tena, na leo vipo vingi vyenye maandishi ya pembeni yaliyokatwa katikati ya neno, na mistari ya juu ya kurasa iliyokwenda na kisu. Wahifadhi wa sasa hukihesabu kitabu cha kale ambacho kingo zake hazijaguswa kuwa hazina, hata kama zimechakaa, na hawakubali kukikata kwa sababu yoyote ya urembo.

Basi fanya hivi. Safisha vumbi kwa brashi laini sana, ukianza karibu na mgongo na kuelekea nje, bila maji na bila kifutio. Usibandike utepe wa plastiki mahali palipochanika, wala usipake ngozi mafuta ya aina yoyote. Kurasa zilizopindika usizinyooshe kwa nguvu, maana nyuzi za karatasi kavu hukatika. Laza msahafu badala ya kuusimamisha, ndani ya sanduku la kadibodi isiyo na asidi lililotengenezwa kwa kipimo chake, mahali pasipo na jua wala unyevu wa ukuta, na ukague mara kwa mara kama wadudu wameingia. Kisha wasiliana na Makumbusho ya Lamu, ambayo yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, uombe ushauri wa mhifadhi kabla ya fundi yeyote kuugusa. Fundi wako huyo mwambie kwa upole kwamba hujamkataa yeye. Kazi ya kisu chake ni vitabu vipya, kabla havijavikwa jalada.

Mimi ni seremala. Nimeona picha ya jiliwa la mbao na kifaa kinachofanana na randa, vinavyokatia vitabu. Je, naweza kujitengenezea, na vinafanyaje kazi? — Seremala, Kisumu

Unaweza, na wewe una faida ambayo wafungaji vitabu wengi hawana. Kifaa hicho kilifanya kazi ya gilotini kwa karne nyingi kabla haijabuniwa. Katika mchoro wa mtengenezaji vitabu uliochongwa na Jost Amman mwaka 1568, mtu mmoja anashona vitabu kwenye kiunzi huku mwenzake akikata kingo kwa kifaa cha namna hiyo hiyo, na muundo wake tangu siku hizo haukubadilika sana.

Jiliwa, yaani kibanio cha kukishikia kitabu, lina mashavu mawili mazito, tuseme yenye urefu wa sentimita 90, yanayosogezwa na parafujo mbili. Tumia mti mgumu uliokauka vizuri, mvule kwa mfano, kwa sababu shavu likijipinda hata kidogo kila kitabu kitatoka kimepinda vivyo hivyo. Parafujo za mbao ni nzuri lakini ni kazi ngumu kuchonga. Za chuma zinazouzwa kwa ajili ya majiliwa ya karakana zinafaa. Juu ya shavu la kushoto pigilia reli mbili nyembamba zilizonyooka. Randa yenyewe nayo ina vipande viwili vilivyounganishwa na parafujo: cha kushoto kina mfereji unaopita kwenye reli, na cha kulia kinabeba kisu kilicholala bapa, ncha yake ikitazama kushoto kwenye kitabu.

Kitabu hubanwa katikati, ukingo wa kukatwa ukiwa juu. Upande wa kulia huwekwa ubao uliolingana kabisa na mstari wa kukata, na upande wa kushoto ubao mwingine ulionyanyuka, ambao kisu kitamalizia juu yake. Ukikata kichwa au mkia, mgongo uelekee kwako, ili kisu kianzie mgongoni na kuelekea mbele. Unasukuma randa mbele na kuirudisha, na kila unaposukuma unazungusha parafujo kiasi kidogo sana, hivyo kisu kinasonga karatasi chache kwa kila mwendo mpaka kitokee upande wa pili. Usikimbilie. Ukizungusha sana, kisu hupanda au kushuka, na ukingo unapata matuta. Kikionekana kupanda tangu mwanzo, ongeza kipande chembamba cha karatasi kati ya kisu na mti wa randa ili ncha ielekee chini, ukate tena kwenye bunda la taka mpaka kitembee sawa na uso wa jiliwa.

Utapata pia jambo ambalo gilotini hailiwezi kwa urahisi. Kitabu ambacho mgongo wake umeshafanywa mviringo na mbao zake zimeshafungwa kwa kamba kinaweza bado kukatwa ukingo wa mbele. Mafundi wa zamani waliangusha mbao nyuma, wakapenyeza kati ya mbao na mgongo vipande viwili vya chuma vyenye mwanya katikati, kimoja karibu na kichwa na kingine karibu na mkia, ili kuulazimisha mgongo ulale bapa. Kisha walikibana na kukikata kikiwa bapa. Vyuma vikiondolewa, mgongo unarudia mviringo wake, na ukingo wa mbele unaingia ndani kwa mbinuko unaolingana nao.

Kisu chake tengeneza kwa chuma kizuri cha patasi, upande wa chini uwe bapa kabisa na mteremko wa makali uwe juu, ncha ikiwa ya mviringo mdogo. Kinoe kwa jiwe la mafuta mara kwa mara, hata katikati ya kitabu, na kabla ya kugusa kitabu cha mteja kata kwanza rimu moja ya karatasi taka, ukipitisha kidole juu ya ukingo uliokatwa kusikia kama kuna mistari.